Mjadala: Kumvua skauti skafu mbele ya wenzake ni kumtia adabu au ni kumfedhehesha?

Ndugu zangu wa Lamu, Malindi na kwingineko pwani, naleta hoja hii mbele yenu kwa sababu kikosi chetu kinajitayarisha kwa kambi ya likizo ya Desemba, na mimi na viongozi wenzangu wawili tumeshindwa kukubaliana juu ya jambo moja. Mtoto akivunja sheria ya kambi kwa namna inayohatarisha maisha, je, avuliwe skafu mbele ya gwaride na kurudishwa kwao, kama ilivyokuwa desturi yetu, au desturi hiyo tuiache? Mimi nasema tuiache. Wenzangu wanasema tukiiacha hatutabakiwa na kitu cha kuwazuia watoto. Wazazi nao wamegawanyika, na ndiyo maana naomba rai zenu.

Msimamo wangu haukutoka vitabuni, kwa hiyo nitaanza na kisa. Miaka kadhaa iliyopita tulipiga kambi upande wa Manda, mkabala na Shela. Miongoni mwa Chipukizi wetu, yaani skauti wa rika linaloanza ujana, alikuwamo kijana wa miaka 13 ambaye viongozi wote tulikuwa tumemhesabu kuwa mkorofi: hakutulia kwenye mafunzo, alijibu kwa mkato, na akiambiwa afunge fundo alilifunga upesi kisha akaanza kuwachokoza waliokuwa bado wanahangaika na kamba zao. Usiku wa pili, mwezi ukiwa mpevu na maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kwa nguvu, yakianza kupwa, alifungua mtumbwi wa wavuvi uliokuwa umefungwa ufuoni, akawapakia watoto wawili wadogo kuliko yeye, wakaenda kuvua. Kila anayeijua chaneli ile anajua kwamba maji ya bamvua yakitoka huvuta kila kitu kuelekea bahari kuu. Waliokolewa na wavuvi waliokuwa wakirudi, ambao waliuona mtumbwi umekwishapita mahali ambapo kafi la mtoto lingeweza kuurudisha.

Alfajiri niliwapanga watoto wote mbele ya bendera. Nilimwita yule kijana, nikamrusha kichura mpaka miguu ikamwishia nguvu, kisha nikamvua skafu kwa mikono yangu na kutangaza kwamba hafai kuwa skauti. Hakulia. Alinitazama tu, akachukua mkoba wake, akaketi peke yake hadi boti ilipokuja. Hakurudi tena kikosini, wala mdogo wake hakurudi, na baada ya muda watoto wengine watatu wa mtaa wao nao wakaacha kuja. Jumamosi zake, ambazo awali zilikuwa zetu, zikawa za wengine, na sisi tunaokaa katika mji huu tunajua ni nani wanaomngojea kijana wa miaka 13 asiye na pa kwenda. Nilipompita barazani akiwa ameketi na watu wazima niliowaogopea, aligeuza uso.

Baadaye mjomba wake alinieleza jambo ambalo ningepaswa kuliuliza siku ya kwanza: kijana yule alikuwa akishika usukani wa mashua ya babake tangu akiwa na miaka 8. Lile fundo nililokuwa nikimfundisha alilijua kabla yangu. Kwa siku mbili nzima sikuwa nimempa hata kazi moja iliyolingana na ujuzi wake, na ule uliokuwa uchovu wa kijana anayefundishwa analolijua mimi niliuita ukorofi. Sisemi kwamba hakukosa. Alihatarisha roho tatu. Nasema kwamba adhabu niliyompa haikumfundisha chochote kuhusu bahari, na wale waliokuwa wakitazama haikuwafundisha ila kuniogopa mimi.

Upande wa sheria siwezi kuupita kimya, ingawa sicho kiini cha hoja yangu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, inamkinga kila mtu na adhabu ya viboko, na kifungu cha 53 kinamkinga mtoto na ukatili na adhabu ya kinyama. Viboko shuleni vilikuwa vimekwisha kupigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kumdhalilisha mwanafunzi, iwe ya kimwili au ya kisaikolojia. Anayeikiuka aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Vikosi vingi vya skauti nchini vimo ndani ya shule. Kumrusha mtoto kichura au kumpigisha magoti juu ya changarawe, kwa hivyo, tusikuite mazoezi ilhali nia yetu ni maumivu. Hapo wenzangu na mimi hatubishani. Tunachobishania ni ile aibu ya hadharani, ambayo haiachi alama mwilini na kwa hiyo ni rahisi kuitetea.

Ninachopendekeza ni njia ambayo ni ya kale kuliko desturi yetu. Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwezi Agosti 1907, aliwagawa vijana wapatao 20 katika makundi manne, kila kundi chini ya kijana mwenzao, na kutokana na mpango huo likazaliwa Baraza la Heshima, yaani kikao cha viongozi wa makundi pamoja na kiongozi mtu mzima, kinachozungumzia makosa ya wenzao faraghani. Mkosaji anasikilizwa tangu mwanzo, na malipo ya kosa yanafungamana na kosa lenyewe. Aliyeiba mtumbwi hagusi maji hadi kambi iishe. Anakwenda yeye mwenyewe, akiwa na kiongozi, kuwaomba radhi wenye mtumbwi na wazazi wa wale wadogo. Na skafu yake inabaki shingoni, kwa sababu ndiyo inayomkumbusha ahadi aliyoivunja.

Karibuni mnikosoe.

*

Mzazi na nahodha, Langoni:

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na nakushukuru kwa kusema ukweli juu ya nafsi yako. Pamoja na hayo, sikubaliani nawe, na nitaeleza kwa nini.

Nimekaa baharini zaidi ya miaka 30. Chomboni kuna nahodha mmoja, na akisema teremsheni tanga, tanga linateremshwa; baraza litafanywa bandarini. Mabaharia hufika kwenye utiifu huo kwa sababu kila mmoja amewahi kumwona mwenziwe akikemewa mbele ya wote. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na usiku ule nusura wazazi watatu walie. Wewe unamhesabu kijana mmoja aliyeondoka kikosini. Mimi nawahesabu wale waliobaki, ambao nina hakika hakuna hata mmoja aliyethubutu tena kufungua mtumbwi wa mtu.

Jambo la pili ni hili Baraza la Heshima. Umewahi kuwasikiliza watoto wakimhukumu mwenzao? Hawana huruma. Watoto wa miaka 14 wakipewa mamlaka juu ya mwenzao wasiyempenda watamtafutia adhabu ambayo wewe na mimi, pamoja na hasira zetu, tungeona haya kuitoa. Utakuwa umeiondoa aibu mbele ya gwaride na kuihamishia ndani ya chumba ambacho wazazi hatukioni.

Na mwisho, mwalimu wangu, mji huu umelelewa kwa kuona haya. Mtoto wa Lamu alikuwa akifanya jambo baya Mkomani, habari inafika Langoni kabla yake. Leo kila mmoja anasema usimwaibishe mtoto, na vijana wetu tunawaona walivyo. Siutaki ukatili, wala ile adhabu ya kichura siitetei. Ila aibu ni dawa, na dawa haikosi uchungu.

*

Kiongozi wa Sungura, Malindi:

Mzee wangu nahodha, naingia kwa heshima. Mimi nawaongoza wadogo kabisa, na kwao hoja ya aibu inaonekana kwa sura nyingine. Mwaka jana nilikuwa na mtoto ambaye kila mkusanyiko ulipofika saa kumi alianza kupiga wenzake. Tulimweka pembeni, tukamkemea, tukamwita mamake. Kisha msaidizi wangu akagundua kwamba siku hizo mtoto alikuwa anatoka nyumbani bila kula, na saa kumi ndiyo saa aliyokuwa akizidiwa. Tulianza kugawa mihogo ya kuchemsha saa tisa, na ugomvi ukapungua ndani ya majuma mawili. Mwingine hakuwa akitii filimbi. Tulipompeleka hospitali tukaambiwa sikio moja halisikii vizuri. Hao wawili ningekuwa nimewavua skafu, Mzee wangu, ningekuwa nimewaaibisha kwa njaa na kwa sikio.

Si kila ukorofi una njaa nyuma yake, nalijua hilo. Wapo wanaochokoza kwa sababu wamegundua kwamba kuchokoza kunawapatia macho ya watu, na hao, ukiwasimamisha mbele ya gwaride, umewapa jukwaa walilolitafuta. Na wapo wachache ambao tabia yao hubadilika ghafla, mtoto mchangamfu akawa anakimbia akiguswa bega. Huyo si wa baraza wala si wa adhabu. Huyo anahitaji mtu mzima anayemwamini, na namba 116, ambayo ni simu ya watoto isiyotozwa malipo, kila kiongozi aijue kwa moyo.

*

Mmoja wa wale viongozi wawili:

Mimi ndiye mwenzake anayepingana naye, kwa hiyo nisinyamaze. Tatizo langu halihusu maneno mazuri ya faragha bali hesabu. Kambini tunakuwa na watoto 40 na viongozi 4. Kikao cha baraza kinachukua saa nzima na kinamchukua kiongozi mmoja au wawili, na katika saa hiyo wengine 39 wanaangaliwa na nani? Adhabu ya gwaride inachukua dakika tano. Mwenzangu anijibu hilo kabla hajaniuliza kuhusu huruma yangu.

*

Jibu la mwanzilishi wa mjadala:

Nianze na mwenzangu, kwa kuwa swali lake ndilo linaloumiza zaidi. Ni kweli kwamba watu wazima 4 hawatoshi, na usiku ule wa Manda mlinzi wetu alilala kwa sababu alikuwa amefanya kazi ya watu wawili mchana kutwa. Hata kabla ya kuzungumzia adabu, kosa la kwanza lilikuwa letu. Napendekeza tupunguze watoto hadi 24 au tutafute wazazi wawili wa kukaa nasi kila usiku. Kama hatuwezi lolote kati ya hayo, kambi ya ng'ambo tusiifanye. Na kikao si lazima kifanyike papo hapo. Usiku wenyewe kazi ni kuwahesabu watoto, kuwakausha na kuwalaza. Anayehukumu akiwa bado anatetemeka kwa hofu huhukumu hofu yake, nami ni shahidi wa hilo.

Mzee wangu nahodha, nimekubali moja kati ya hoja zako kikamilifu. Watoto wanaweza kuwa wakali kuliko sisi. Kwa hiyo baraza lisikae bila watu wazima wawili, liwe mahali ambapo wengine wanaona ingawa hawasikii, lisiruhusiwe kutoa adhabu ya mwili, ya kumnyima mtu chakula au ya kumtenga asisemezwe, na kiongozi awe na uwezo wa kupunguza adhabu lakini asiwe na uwezo wa kuiongeza. Mzazi apewe habari siku hiyo hiyo. Hicho chumba usichokiona, Mzee, nakualika uje ukione.

Kuhusu amri ya chomboni sipingi hata neno. Kwenye maji hakuna majadiliano, na mtoto asiyetii filimbi majini anatolewa majini hapo hapo, mbele ya yeyote, bila matusi. Lakini kumzuia mtu asizame ni jambo moja, na kumwambia mbele ya watu 40 kwamba hafai ni jingine. Baharia uliyemkemea wewe, kesho yake alikuwa bado ni baharia wako, ana zamu yake na fungu lake la samaki. Mimi yule kijana nilimkemea na kumnyang'anya zamu. Ile haya uliyonisimulia, ya Mkomani na Langoni, ilifanya kazi kwa sababu habari ilipofika ilimkuta mtoto angali mtoto wa watu hao hao, na jioni aliketi nao kula.

Kuna swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza na ambalo mimi mwenyewe linanikosesha usingizi: je, akirudia usiku wa tatu? Nadhani hapo lazima aondolewe kambini, kwa ajili ya wale wadogo. Ila aondoke na kiongozi mmoja akimsindikiza hadi mlangoni kwao, pasipo gwaride, na kabla hajaingia ndani aambiwe Jumamosi ipi tunamngojea na kazi gani inamngoja.

Mzee, kambi ya Desemba tunakusudia kuianza siku ya bamvua. Kama hutakuwa safarini, nakuomba uwe nasi siku hiyo ya kwanza, maji yakianza kupwa, uwaonyeshe watoto kwa kidole mahali mkondo unapoanzia, na kama yupo anayeujua tayari, umpe usukani mbele ya wenzake wote.