Mrejesho: mafunzo ya uhasibu kwa mbali

Wakuu, niliuliza namna ya kujifunza kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki wakati mkufunzi yuko mkoa mwingine, anashea skrini na kubofya haraka mno. Ushauri wenu umefanya kazi: sasa mwanafunzi ndiye anashea skrini na kushika mausi, mkufunzi anaelekeza kwa mdomo tu. Mtandao ukikwama, zimeni kamera kwanza, video ndiyo inakula bando.

Ile tofauti isiyoisha kati ya salio la daftari na la benki nayo imepata dawa. Igawe kwa 9; ikigawanyika kamili, huenda tarakimu zimepishana, mfano 54,000 imeandikwa 45,000. Isipogawanyika, igawe kwa 2 utafute kiasi hicho, huenda kimeingizwa upande usio wake, mfano malipo yameandikwa kwenye mapokezi. Makato ya benki ndiyo bado yananisumbua.