Natafuta kitabu cha ibada kwa akina mama, kisichojifanya

Mama Tumaini (Makambako)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama usharikani kwetu. Tunakutana Alhamisi jioni, wengi wakitokea sokoni au shambani, wengine kanga zina udongo wa viazi. Mwaka huu tumekubaliana tupunguze kuhubiriana, tusome kitabu kimoja pamoja, sura kwa sura. Kazi ya kukichagua nimetupiwa mimi.

Nimeazima vitabu huku na huku. Karibu vyote vinaongea kama bango la mkutano: mwanamke wa thamani, mwanamke mshindi, inuka uangaze. Jaladani dada anacheka, kikombe mkononi. Kimoja nilimsomea mwenzetu aliyemzika mwanawe mwaka jana. Akasikiliza sura nzima kwa heshima, halafu akasema, "Huyu aliyeandika hajafiwa." Nikakifunga.

Nataka mwandishi mwanamke anayemwamini Mungu kwelikweli, ila asiyeficha pale imani ilipomgomea. Kiingereza changu kinatosha, wenzangu wengi hapana, na wapo ambao hata Kiswahili wanakisoma kwa shida, ingawa Tenzi wanaziimba zote bila kitabu. Mna cha kunishauri?

Bibi wa Vitabu (Moshi)

Amina, mama. Nimeuza vitabu vya Kikristo Moshi mjini tangu wanangu wanasoma shule ya msingi, na sasa wajukuu ndio wananipangia rafu, kwa hiyo nivumilie nikiwa na maneno mengi. Hivyo vya dada mwenye kikombe ndivyo vinavyotoka haraka kuliko vyote. Vinanunuliwa kwa zawadi, kipaimara na harusi. Nikiingia nyumbani kwa watu navikuta kwenye kabati la vyombo, vipya vilevile. Kitabu kinachosomwa nakijua: mtu anakuja nacho kimefunikwa gazeti, anataka nakala nyingine ya dada yake.

Kipimo changu ni kimoja tu. Nakifungua katikati, natafuta mahali mwandishi anasema jambo lililomshinda. Sisemi yale ya kabla hajaokoka, hayo kila mtu anayo na yananoga kusimulia. Nataka lililomshinda akiwa ameshaokoka, na Biblia iko mkononi.

Kwa kipimo hicho, wa kwanza ninayekupa ni Corrie ten Boom, na kitabu chake The Hiding Place kilichotoka mwaka 1971. Alizaliwa 1892, Mholanzi wa mji wa Haarlem, binti wa fundi saa, na yeye mwenyewe ndiye mwanamke wa kwanza Uholanzi kupewa leseni ya ufundi huo. Hakuolewa. Kijana aliyempenda alikuja siku moja kuwatembelea akiwa na mchumba wake mkononi, na Corrie analisimulia hilo bila kujihurumia na bila kujifanya halikumuuma. Wapo mabinti kwenye kikundi chako watakaokipenda kitabu kwa ukurasa huo peke yake.

Wakati wa vita ya pili familia yake iliwaficha Wayahudi nyumbani, juu ya duka la saa. Tarehe 28 Februari 1944 wakakamatwa. Baba yake, mzee wa miaka 84, akafa baada ya siku kumi tu gerezani. Corrie na dada yake Betsie wakaishia Ravensbrück, kambi ya wanawake huko Ujerumani. Kibanda walichotiwa kilijaa viroboto. Betsie akakumbusha andiko walilosoma asubuhi ileile, 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo," akataka washukuru na kwa viroboto. Corrie akakataa. Kwa viroboto, alisema, hata Mungu hawezi kumfanya ashukuru. Mwishowe akafuata, lakini anakuambia wazi kwamba aliona Betsie amekosea. Baadaye ndipo walipogundua ni kwa nini walinzi hawakuwa wakiingia mle ndani, na wao wakaweza kusoma Biblia na wenzao bila kuguswa. Waliogopa viroboto.

Kisa hicho watu wengi wanakijua, wahubiri wanakipenda. Mimi nina kingine ninachokipenda zaidi na sijawahi kukisikia kwenye mahubiri. Asubuhi za baridi kali wafungwa walisimamishwa nje kwenye mistari wakihesabiwa. Corrie akawa anajipenyeza taratibu hadi katikati, ili wanawake wa pembeni wamkingie upepo. Na huyo ndiye aliyekuwa akiwasomea Neno! Anasema ibada zake zilikauka, sauti ikabaki inasoma tu, akaendelea hivyo hadi alipowaambia wenzake ukweli wake. Hebu fikiria, mama. Angeweza kabisa asiliandike. Nani angejua? Betsie alifia kambini Desemba 1944, na Corrie akaachiliwa siku chache baadaye kwa kosa la karani.

Kisha mwaka 1947 yuko Munich anahubiri habari ya msamaha. Baada ya ibada akaja mmoja wa walinzi wa kambi ile, amemnyoshea mkono, anaomba asamehewe. Mkono wa Corrie haukuinuka. Sura hiyo msiisome haraka. Wahubiri huikimbilia ile sehemu ya mkono kuinuka, lakini akina mama watataka mkae kwenye ule muda ambao haukuinuka.

Wa pili ni mama ambaye jina lake halimo jaladani. My Utmost for His Highest, kitabu cha ibada za kila siku cha mwaka 1927, kinaitwa cha Oswald Chambers. Huyo Oswald alifia Misri, Novemba 1917, akiwahudumia askari. Miaka kumi kabla ya kitabu! Aliyekiandaa ni mjane wake, Gertrude, waliyemwita Biddy. Alijifunza hatimkato, ule mwandiko wa kufupisha maneno ili kuandika haraka, tangu msichana na alikuwa akiandika kila neno mumewe akifundisha. Alipofiwa akabaki na binti mdogo na marundo ya daftari. Akarudi Uingereza, akaendesha nyumba ya kupangisha wanafunzi Oxford, akipika na kufua, na katikati ya kazi hizo anapiga chapa. Kwenye dibaji aliweka herufi mbili tu, B.C. Kitabu chenyewe ni kigumu kwa kusoma kikundini, nakuambia mapema. Ila simulia habari zake siku moja. Kila usharika una akina Biddy, wanaandika muhtasari wa kila kikao na picha ikipigwa wako jikoni.

Na neno la tahadhari. Mtu atakushauri vitabu vya kumwombea mume, hasa cha Stormie Omartian cha mwaka 1997. Si kibaya. Anakiri kwamba sala yake ya miaka mingi ilikuwa "Bwana, mbadilishe," na haikujibiwa, hadi alipoanza kujiombea yeye. Lakini kama kikundini yuko anayepigwa nyumbani, asikabidhiwe kitabu hicho kama dawa. Huyo kwanza umsindikize mahali pa usalama, dawati la jinsia lipo polisi, vitabu baadaye.

Mama Yosefina (Songea)

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, naomba niingie kidogo.

Bibi, kipimo chako nimekipenda, na kwa kipimo hicho siwezi kumwacha Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu. Alifiwa na mama akiwa na miaka minne, akaingia utawani Lisieux, Ufaransa, akiwa na 15, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1897 akiwa na 24. Anaandika kwamba alikuwa akisinzia wakati wa sala, miaka na miaka, na kwamba kusali rozari peke yake kulimwia vigumu. Mtakatifu! Kuhusu usingizi alijifariji kwamba wazazi huwapenda watoto wao wakiwa wamelala sawa na wakiwa macho. Sisi tunaoamka saa kumi usiku kuwasha moto hilo limetufaa sana kwenye jumuiya yetu. Na mwaka wake wa mwisho na zaidi alikuwa gizani kabisa, mbinguni akaona kama ukuta.

Jambo moja mjue. Alipokufa, dada yake wa damu, mtawa mwenzake, ndiye aliyetayarisha maandiko yake kuchapwa, mwaka 1898, na alirekebisha sana, akalainisha. Maandiko yenyewe kama alivyoyaandika yalitoka mwaka 1956. Kwa hiyo mkitafuta, angalieni toleo.

Mwinjilisti Mstaafu (Bukoba)

Salaam akina mama. Naona wote hao ni Wazungu. Sikatai, lakini haya ya kusema ukweli wako mbele ya wenzako tusiyaagize kutoka ng'ambo kama mitumba. Uamsho wa kiroho makanisani ulipotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi kwetu huku, kazi yake ilikuwa hiyohiyo: kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7. Mtu anasimama, anataja dhambi yake kwa jina, wenzake wanaimba Tukutendereza Yesu, yaani "Twakusifu Yesu" kwa Kiganda. Mama yangu alikuwa wa kundi hilo. Wanawake wasiojua kusoma walikuwa wakisimama mbele ya waume zao na mbele ya wamisionari wakasema yale ambayo hadi leo wasomi hawayasemi.

Ila niseme na upande wa pili, maana nimeuona kwa macho. Mwanamke akitubu jioni, kesho yake kisimani wanamjua. Katika usharika mmoja niliotumika kuna mama alieleza habari ya ndoa yake kwenye kikundi na ikamfikia mumewe kabla yeye hajafika nyumbani. Hakurudi tena kikundini. Kwa hiyo, Mama Tumaini, kabla ya kuchagua kitabu, je, wenzako wanaweza kutunza neno?

Mama Tumaini (Makambako)

Asanteni sana. Baba mwinjilisti, umenigusa hapo hapo. Jibu la kweli ni kwamba hawawezi. Wanapendana, wanasaidiana kwenye misiba na mavuno, lakini neno halilali. Na mimi mwenyewe yapo ambayo siwezi kuyasema pale, katibu au si katibu. Sasa kitabu cha kusema ukweli kwenye kikundi ambacho ukweli hauna mlango, si nitawaumiza?

Bibi wa Vitabu (Moshi)

Mwinjilisti ana haki, na kuhusu Uzungu pia ana haki, ila mitumba mizuri huwa tunavaa hadi kanisani.

Mama, hapo ndipo kitabu kinapofaa kuliko ushuhuda. Usimwombe mtu yeyote aseme habari zake. Waache wamseme Corrie. Nimekaa kwenye vikundi vingi nikipeleka vitabu, nikaona linavyokwenda. Mama mmoja anauliza, "Huyu Corrie, kwani lazima ampe mkono yule mtu?" Mwingine anasema kwa ukali, "Mimi nisingempa." Mwenzake anamjibu, wanabishana robo saa nzima juu ya Mjerumani wa mwaka 1947, na kila mtu mle ndani anajua moyoni mwake ni nani anayebishaniwa. Hakuna lililotajwa. Hakuna la kupeleka kisimani.

Kazi yako ni kuwazuia wale wawili watatu wenye majibu. Mtu akisema "nisingempa," asirukiwe na mstari wa Biblia papo hapo. Aachwe nalo hadi Alhamisi nyingine.

Kuhusu kusoma: kama nakala za Kiswahili hazipatikani huko kwenu, soma wewe sura nyumbani Jumanne, halafu Alhamisi uwasimulie kwa maneno yako, kama bibi anavyosimulia. Usitafsiri sentensi kwa sentensi, watalala wote na Mtakatifu Teresia. Chagua mambo mawili matatu. Wale wasiosoma ndio watakaokumbuka zaidi, utaona, watakusahihisha majina.

Mama Tumaini (Makambako)

Nimecheka peke yangu hapa. Basi ni Corrie. Kuna kikwazo kimoja tu: mchungaji amesema kitabu chochote lazima akisome yeye kwanza ndipo atoe kibali. Ni mtu mwema, ila ana mitaa sita na pikipiki moja.

Mwinjilisti Mstaafu (Bukoba)

Mitaa sita? Hicho kitabu mtakiona Pasaka.

Bibi wa Vitabu (Moshi)

Mpe akisome, ni haki yake, na mtie alama sura za kambini asije akaishia kwenye zile za duka la saa. Ninyi msingoje. Anzeni na Ruthu, hicho hakihitaji kibali cha mtu. Sura nne, Alhamisi nne. Na ile 1:20, Naomi anaporudi Bethlehemu amezika mume na wana wawili, anawaambia wanawake wa mji, "Msiniite Naomi, niiteni Mara," yaani uchungu, mpe yule mwenzenu aliyefiwa asome yeye, kama yuko tayari. Asipotaka, soma wewe.