Hili behewa la Auschwitz ni lenyewe kweli? Na nani alikuwa analipia hizo treni?

Kijana wa Makorora:
Wakuu habari zenu. Nimekutana na picha ya behewa moja la mbao limesimama peke yake kwenye reli ndani ya Birkenau, sehemu ya kambi ya mauaji ya Auschwitz kule Poland, watu wameliwekea maua na vijiwe. Nauliza, hili ndilo lililobeba Wayahudi au wameliweka kama mfano tu? Na kinachonisumbua zaidi, wakati ule Ujerumani iko vitani na Urusi, injini hazitoshi, wanajeshi wanasubiri risasi na makoti ya baridi, sasa treni za kupeleka watu kuuawa zilikuwa zinapata wapi nafasi na hela?

Mzee wa Reli:
Mwanangu hilo ni behewa halisi la zama zile, liliwekwa hapo 2009. Aliyegharamia ni Frank Lowy, tajiri wa Australia, kwa kumbukumbu ya baba yake Hugo aliyeletwa hapo kutoka Hungaria 1944 akapigwa mpaka kufa kwa sababu alikataa kuachia kifuko chenye shali yake ya sala. Ila kusema behewa fulani lilimbeba fulani ni ngumu, maana haya yalikuwa mabehewa ya mizigo ya kawaida kabisa, aina ya G10 peke yake yalitengenezwa zaidi ya 100,000 na vita ilipoisha yakaendelea kubeba mizigo kama kawa. Mimi nimezeeka kwenye mabehewa, ngoja nikupe hesabu. Sakafu ya G10 ni kama mita za mraba 20 hivi, sasa tia humo watu 80, wengine mpaka 100, na mabegi yao, ndoo moja ya choo, vidirisha vidogo huko juu vimezungushiwa seng'enge, mlango umefungwa kwa nje. Hapo hata kukaa chini ni kwa zamu, na safari ni siku mbili tatu. Wengi walifika wameshakufa, wazee na watoto wachanga hasa.

Mwl. Historia:
Mkuu swali lako la hela ni zito na jibu lake linatisha. Shirika la reli la Ujerumani, Reichsbahn, lilikuwa linatoza NAULI. Daraja la tatu, pfenigi 4 (senti za Kijerumani) kwa kilomita kwa kila kichwa, watoto chini ya miaka 10 nusu, chini ya miaka 4 bure, na wakizidi watu 400 wanapewa punguzo la kikundi. Wayahudi wanakatiwa ya kwenda tu, walinzi kwenda na kurudi. Na pesa zenyewe mara nyingi zilitoka kwenye mali walizonyang'anywa haohao wanaosafirishwa, yaani mtu anauawa na nauli kajilipia. Kuhusu nafasi, ilitafutwa na wakubwa. Julai 28, 1942 Albert Ganzenmüller, naibu mkurugenzi mkuu wa Reichsbahn, alimwandikia Karl Wolff, mkubwa mmoja wa SS, kikosi cha Hitler kilichosimamia mauaji, kwamba tangu tarehe 22 kuna treni kila siku yenye Wayahudi 5,000 kutoka Warszawa kwenda Treblinka, kambi ya mauaji huko Poland. Wolff akajibu kwa furaha na shukrani. Huyo Ganzenmüller alifikishwa mahakamani 1973, kesi ikasimama kwa sababu ya moyo wake, akaishi mpaka 1996. Hili linaniuma mpaka leo.

Dada wa Berlin:
Jamani aliye huku aende stesheni ya Grunewald, jukwaa namba 17. Pembeni ya reli kuna vyuma 186, kila kimoja kimeandikwa tarehe, idadi ya Wayahudi na treni ilikoenda. Cha kwanza ni 18.10.1941, watu 1,251 kwenda Łódź, mji wa Poland. Cha mwisho 27.3.1945, watu 18 kwenda Theresienstadt, kambi iliyokuwa nchi ya Wacheki. Yaani Warusi wako mlangoni, mji umeshabomolewa, bado kuna mtu ofisini anapanga treni ya watu 18! Na si zote zilikuwa za mizigo, zile za mwanzo kutoka Berlin zilikuwa mabehewa ya abiria ya kawaida, ili watu wasishtuke.

Kijana wa Makorora:
Aisee asanteni sana, nilidhani ni jeshi tu kumbe kuna makarani na wapanga ratiba. Nasikia kwenye makumbusho ya mauaji ya Wayahudi kule Washington kuna behewa jingine unapita ndani kabisa, mnaonaje hilo? Mimi naona si sawa, ni kama kukanyaga kaburi.

Mwl. Historia:
Lipo, Poland waliwapa Wamarekani. Wamelitia njiani katikati ya maonyesho, ila asiyetaka kuingia kuna njia ya kulizunguka. Waliotoka hai kambini wenyewe hawakukubaliana, wengine hawakutaka kabisa kulikanyaga tena, na heshima yao ndiyo hiyo njia ya pembeni. Mimi ningeingia. Hesabu ya Mzee hapo juu unaisoma tu, ukisimama ndani unaipata. Ila kama unakwenda na watoto, maonyesho yale makuu wanashauri kuanzia miaka 11.