Urari wangu umesawazika, naye ameupiga mstari kwa rula

Ndugu wanajukwaa, naandika haya mkono ukiwa bado unatetemeka, kwa hiyo mniwie radhi hasira ikitangulia mbele ya salamu. Yule mhadhiri wetu wa misingi ya uhasibu wa fedha, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa kila aliyewahi kukaa katika ule ukumbi saa moja asubuhi anamjua kwa mlio wa viatu vyake, leo amenidhalilisha mbele ya darasa zima kwa kosa la kusawazisha hesabu.

Narudia: kwa kosa la kusawazisha.

Tulipewa zoezi la mama mmoja wa kubuni anayeuza mitumba. Ameanza biashara kwa mtaji wa shilingi 12,000,000 uliowekwa benki, amenunua gari dogo la kusambazia mzigo kwa hundi ya shilingi 7,500,000, amechukua mabelo ya shilingi 2,600,000 kwa mkopo, ameuza mzigo wa shilingi 1,900,000 kwa fedha taslimu, na amelipa kodi ya pango shilingi 300,000 kwa hundi. Nilifungua akaunti zote katika leja, nikatafuta masalio, nikayahamishia kwenye urari, ile orodha ya masalio yote ambayo jumla za pande zake mbili lazima zilingane. Upande wa debiti, yaani kushoto, ulisoma shilingi 16,500,000 na upande wa krediti, yaani kulia, ukasoma shilingi 16,500,000. Kuna watu wamefunga ndoa wakiwa na ulinganifu mdogo kuliko huo.

Akaniita mbele. Akainua karatasi yangu juu ili hata wale wanaolala viti vya nyuma waione, akafungua mkoba wake taratibu, akatoa rula. Akailaza rula kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, akachora mstari mmoja mwekundu ambao, kama angeuendeleza nje ya karatasi, ungefika Kibaha bila kupinda. Kisha akasema, "Huu si urari, huu ni muujiza." Darasa likacheka mpaka feni zikasita kuzunguka.

Mimi nimetoka mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), jambo ambalo analijua, kwa sababu siku ya kwanza kabisa alituuliza nani hajawahi kusoma uhasibu sekondari, tukanyoosha mikono kwa imani, naye akasema waliotoka ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) watatusaidia na akaendelea na mada ya pili. Mada ya kwanza, ambayo nasikia ndiyo inayoeleza kwa nini mali ni sawa na madeni kujumlisha mtaji, hatukuiona hadi leo. Tulitupwa moja kwa moja kwenye debiti na krediti, na tulipouliza kwa nini fedha ikiingia inakwenda debiti ilhali benki ikiniwekea fedha inaniambia imenikreditia, akajibu kwamba swali hilo ni la watu wenye nafasi.

Sipingi kukosolewa. Kalamu pekee ingetosha, hata mkono ukipinda kidogo kwa huruma. Yeye alitafuta rula ndani ya mkoba, akaipata, akaipanga sawasawa juu ya jasho langu, na wala hakuandika pembeni kosa langu ni lipi. Naomba wenye uzoefu mnieleze ni kanuni gani ya uhasibu inayoruhusu jambo hili.

Mwana ECA:
Pole sana, mkuu, ingawa nimecheka hadi mwenzangu wa chumbani ameamka. Kabla hatujamshambulia mwenye rula, tueleze kwanza: lile gari la shilingi 7,500,000 uliliweka akaunti gani?

Mleta uzi:
Niliweka kwenye manunuzi, kwa sababu alilinunua.

Mwana ECA:
Wanajukwaa, namtetea mhadhiri.

Bi. Stakabadhi:
Mwanangu, akaunti ya manunuzi ni ya bidhaa ulizonunua kwa nia ya kuziuza tena. Gari lile halikununuliwa liuzwe pamoja na suruali. Ni mali ya kudumu na lina akaunti yake. Hilo linaitwa kosa la kanuni, na urari hauna macho ya kuliona, kama usivyoona muamala uliosahauliwa kabisa, debiti na krediti zilizogeuzwa, kiasi kilichokosewa pande zote mbili, au makosa mawili yanayofutana. Urari unathibitisha tu kwamba kila debiti imepata krediti yake. Sasa chukua mfano kwamba mwisho wa mwezi mama huyo amebakiwa na mzigo wa shilingi 1,200,000. Kwa hesabu sahihi, gharama ya mzigo uliouzwa ni 1,400,000, faida ghafi ni 500,000, na baada ya pango anabaki na 200,000 kabla ya kutoa uchakavu wa gari. Kwa hesabu yako, manunuzi ni 10,100,000, na mama wa watu anamaliza mwezi akiwa na hasara ya shilingi 7,300,000. Umemfilisi mjane.

Mleta uzi:
Zoezi halikusema popote kwamba ni mjane. Na hayo yote, mama, umeyaeleza kwa aya moja bila kutumia rula, kwa hiyo umethibitisha hoja yangu. Yeye angeandika "kosa la kanuni" pembeni, maneno matatu tu, nami ningerudi kwenye kiti changu na heshima zangu. Mtawa Luca Pacioli alichapisha maelezo ya uandishi wa pande mbili kule Venice mwaka 1494, na nina hakika hakumchorea mwanafunzi wake mstari wa kona kwa kona.

Mjukuu wa Karani:
Pacioli alikuwa mwalimu wa hisabati, na kitabu hicho hicho cha 1494 kina sehemu ya jiometri. Rula alikuwa nayo.

Dirisha la Nyuma:
Mimi nilikuwapo ukumbini na ninathibitisha kwamba rula ilikuwa ya chuma. Ninathibitisha pia kwamba mleta uzi, baada ya kuambiwa ni muujiza, alijibu, "Asante, mwalimu." Hilo amelificha.

Mleta uzi:
Nilidhani ananisifu! Mtu anapoambiwa amefanya muujiza ashukuru au asishukuru? Rula ilikuwa bado mkobani. Hili ni jambo la mpangilio wa matukio.

Dirisha la Nyuma:
Rula ilikuwa mkononi.

Mkaguzi Mstaafu:
Nyinyi mnalilia rula. Sisi mhadhiri wetu alitufundisha kwa wiki mbili njia ya kuthamini mzigo kwa kudhani kwamba kilichoingia mwisho ndicho kimetoka kwanza, akatutungia na swali la mtihani, wakati Tanzania ilikwishaanza kutumia viwango vya kimataifa vya uhasibu tangu mwaka 2004, na kiwango cha IAS 2, kile cha kuthamini mzigo, kikaipiga marufuku njia hiyo kwa hesabu za kuanzia 2005. Nilipomwonyesha kiwango chenyewe, aliniambia nisome notisi zake. Notisi zenyewe zilikuwa za rangi ya chai.

Mwana ECA:
Huyo tunamjua. Bado anafundisha, na notisi sasa ni za rangi ya kahawa.

Mleta uzi:
Naomba turudi kwenye rula.

Mhasibu wa Hadwea:
Wadogo zangu, furahieni wahadhiri wenu, kwa maana wao angalau wanaamini kwamba biashara na mwenye biashara ni watu wawili tofauti. Mimi nimeajiriwa na mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye huja saa nne asubuhi, hufungua droo, huchota fedha bila kuhesabu, na kuniambia, "Andika mafuta." Ada za watoto ni mafuta, kitoweo ni mafuta, na mwezi uliopita mchango wa harusi ya mpwa wake nao ulikuwa mafuta. Nikimwambia hayo ni matoleo ya mwenye mali na yanapaswa kupunguza mtaji wake, ananiuliza kama mtaji ni wa baba yangu.

Bi. Stakabadhi:
Kijana, siku watu wa kodi wakija watauliza duka lisilo na hata pikipiki linachoma mafuta ya nini. Fungua akaunti ya matoleo kimya kimya, mzee asaini kila anapochota.

Mhasibu wa Hadwea:
Alisaini mara moja, mama. Alisaini jina langu.

Mjukuu wa Karani:
Afadhali wako anachota fedha. Wa kwangu anachota saruji, halafu siku ya kuhesabu mzigo ananiuliza mifuko imekwenda wapi, mbele ya vibarua.

Mkaguzi Mstaafu:
Saruji hiyo nayo ni matoleo, na inaandikwa kwa bei ya kununulia. Mlikuwa mnaiandika kwa bei gani?

Mjukuu wa Karani:
Tulikuwa tunaiandika "imelowa".