Tupeane uzoefu: pawasoo ya saizi ya kati kwa kazi ya kuni hapa Malindi

Kuni za Barani:
Assalam aleikum jamaa wa Malindi, na ndugu zetu wa Lamu mkiwemo. Nauza kuni mwaka wa nne huu, na miaka yote minne pawasoo, huu msumeno wa injini, si yangu. Mwenye mashine huja siku anayotaka yeye. Akija, ataka hela ya siku, petroli juu yangu, chai juu yangu, na saa saba mchana ameshachoka. Juzi nilikuwa na mzigo wa harusi, sufuria nane za pilau, na bwana huyo simu kazima tangu Jumanne. Vijana wakakata kwa shoka mpaka isha.

Basi nataka yangu. Kazi yenyewe ni mivinje ya shambani, mikorosho iliyozeeka, mikilifi (mwarobaini), mara mojamoja mwembe. Magogo mengi hayapiti unene wa ndoo ya lita 20. Wapishi nawakatia vipande vya futi moja na nusu, na kuna mwenye tanuri la piza njia ya Casuarina ambaye ataka vifupi zaidi. Mbao sipasui. Waliotumia wanipe yaliyowakuta. Maneno ya muuzaji nimeshayasikia dukani.

Fundi Spana:
Shekhe, hilo la kutopasua mbao ndilo kubwa kuliko yote uliyosema. Watu wetu wakisikia pawasoo wanaiona ile ya wapasuaji, cc 72 (cc ni ukubwa wa injini), mashine peke yake zaidi ya kilo 6 kabla hujatia bledi, ule upanga unaobeba cheni, wala petroli. Ile ni ya mtu anayesimama na gogo la mwembe kutwa akitoa mbao. Wewe utakuwa umeinama, unakata, unasogea hatua, unakata tena. Kufika adhuhuri mgongo utakuwa umeshakushitaki.

Kwa kuni tafuta cc 45 mpaka 50 na kitu. Stihl MS 250 ni cc 45.4 na uzito wake kilo 4.6 bila bledi. Husqvarna 450 ni cc 50.2. Bledi inchi 16, ukizidisha sana 18. Inchi 16 ni sentimita 40, na gogo la unene wa ndoo halifiki hapo. Ukikutana na gogo la unene wa pipa, unalizunguka, unalila huku na huku.

Halafu jihadhari na namba za ubavuni. Kuna mashine za bei nafuu zimeandikwa 58, yaani cc 58, kwa herufi kubwa. Moja nililetewa imekufa, nikaifungua nikaipima: silinda kipenyo milimita 45, mwendo wa pistoni milimita 32. Piga hesabu mwenyewe, inakuja kama cc 51. Si mbaya, cc 51 inakata kuni vizuri tu. Lakini aliyeinunua alijua ana 58.

Mnazi Mmoja:
Mimi nina hiyo ya bei nafuu. Nilinunua Sh 14,500, mwaka wa pili sasa, inafanya kazi. Kamba ya kuwashia nimebadilisha mara tatu, kifuniko cha tangi la oili kinavuja, na ile breki ya mbele, ya kusimamisha cheni, ilikuja imelegea tangu dukani. Ila inakata.

Nitakachokuhadithia ni kosa langu, wala si la mashine. Wiki ya kwanza jirani aliniita kule Mambrui, mnazi umeangushwa na upepo karibu na ufuo. Nikasema leo ndiyo siku ya kujionyesha. Cheni mpya kabisa. Nikakata vipande vinne, cha tano mashine ikawa inalia tu bila kuingia. Moshi ukaanza kutoka kwenye mti badala ya kwenye ekzosi! Mnazi nje ni mgumu kama pembe, ndani ni nyuzi za kamba, na huo ulikuwa umelala kwenye mchanga siku kadhaa, kwa hiyo nilikuwa nakata mti na mchanga pamoja. Meno yote yamelala. Na kuni zenyewe, wallahi, mke wangu alizikataa. Moshi mwingi, moto hakuna. Vifuu ndivyo vya kupikia, shina liache liwe daraja.

Mama wa Magarini:
Habari zenu wanangu. Mimi mashine nilinunua nikampa kijana aifanyie kazi, tugawane. Nilimwonyesha chupa ya oili ya mchanganyiko, nikamwambia hii lazima itiwe kwenye petroli. Akanijibu, "Mama, petroli ni petroli." Siku ya tatu akanirudishia ikiwa imeshika, kamba haivutiki hata kidogo. Fundi alipoifungua alinionyesha pistoni ubavuni imekwaruzwa mistari mistari kama iliyoparuzwa na paka. Alikuwa akitia petroli tupu, ile oili akawa anatia pikipiki yake.

Sasa mchanganyiko nafanya mwenyewe nyumbani. Oili ya injini ndogo za aina hiyo, si ile ya gari wala ya pikipiki kubwa. Kibuyu changu ni cha lita 5, nachanganya 50 kwa 1, petroli 50 oili 1, kwa hiyo natia mililita 100. Nina bomba la sindano kubwa la dawa ya mbuzi, ndilo kipimo changu. Kijana anapewa iliyochanganywa tayari, na nimepaka kibuyu rangi nyekundu asije akakosea. Iliyokaa miezi miwili siitumii, natia kwenye moto wa takataka. Kwa mbali!

Fundi Spana:
@Mama wa Magarini, mamangu, ungejua nimefungua ngapi za namna hiyo. Injini hizi hazina oili yake chini kama ya gari. Oili inayokuja na petroli ndiyo hiyo hiyo inayolainisha pistoni na beringi. Petroli tupu ni kuipiga risasi. Nyongeza tu: angalia kitabu cha mashine yako, kuna zinazotaka 25 kwa 1, yaani mililita 40 kwa lita.

Mtu wa Amu:
Huku kwetu hamna mambo mengi. Kuni zatoka bara, mji wa Hindi na huko Mpeketoni, zaja hadi Mokowe, zavuka na mashua kuja kisiwani, kisha punda. Ukikata vipande virefu punda atakuonyesha. Mikoko nayo haitaki pawasoo, wakataji wetu ni shoka tangu zama, kwa sababu wewe umesimama kwenye matope na maji yanajaa. Huwezi kuweka mashine popote ukaiokota kavu.

La kwangu ni chumvi. Niliisahau mashine kwenye mashua usiku mmoja, imefunikwa turubai vizuri. Asubuhi cheni imeshika kutu viungo vyote, haikunji. Nikailaza siku mbili ndani ya mafuta ndipo ikalegea, na haijawa cheni ile tena. Anayeishi pwani aifute mashine kila jioni, atoe bledi, apitishe kijiti kwenye mfereji wake atoe uchafu, apake mafuta. Kazi ya robo saa. Siku nisipoifanya najua nimekopa.

Dada Piza:
Samahani naingilia, mimi sikati, nanunua. Naendesha jiko la piza. Nina ombi kwa nyote wenye pawasoo: ile oili chafu ya gari mnayotia kulainisha cheni, TUNAINUSA. Kuna mzigo nililetewa, ncha za vipande zote nyeusi, tanuri likatoa harufu ya gereji. Nilitupa unga wa siku nzima.

Mnazi Mmoja:
Dada, oili mpya ya cheni ni ghali, na chafu gereji wanatupa bure.

Dada Piza:
Na mimi nilitupa unga bure.

Kuni za Barani:
Hapo ndipo pagumu. Mteja wangu ni huyo huyo wa tanuri. Kuna aliyejaribu njia nyingine?

Mzee wa Ganda:
Mimi natia mafuta ya kupikia mwaka wa tatu. Yale ya jerikeni, ya kawaida kabisa. Yanashika cheni vizuri na hayana madhara kwa mtu wala kwa shamba. Ubaya wake ni mmoja. Ukiiweka mashine wiki tatu bila kuitumia yanaganda kama gundi, cheni inakwama na pampu inaziba. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kazi natoa mafuta, natia oili kidogo ya cheni, naiendesha dakika moja, ndiyo naiweka. Oili chafu ina vumbi la chuma ndani yake, inakula pampu na bledi. Hiyo bure yenu mwailipa polepole.

Sasa kijana wa Barani, umeulizia mashine na watu wamekujibu mashine. Mimi nikuulize, tupa unayo? Umewahi kunoa? Kwa sababu cc 50 yenye cheni butu inashindwa na cc 40 yenye cheni kali, na hili nimeliona kwa macho tukishindana na mwanangu kwenye gogo moja la mvinje.

Nakuambia ninavyofanya. Naibana bledi kwenye kisiki, nafunga breki cheni isitembee. Jino la kwanza natia alama ya chaki. Cheni yangu ni ya saizi ya inchi .325, tupa yake ni ya mviringo, milimita 4.8. Hizo ndogo za mashine ndogo zataka milimita 4. Tupa isiyo saizi yake inaharibu jino badala ya kulinoa. Naishika imelala, haipandi wala haishuki, naielekeza nyuzi 30 kutoka mstari unaokatisha bledi, nasukuma kwenda mbele tu. Mara tatu. Kurudi naiinua. Ukisugua kwenda na kurudi kama unapiga mswaki umeua tupa na jino. Naruka moja, nashika la pili, maana meno yanatazamana huku na huku. Nikimaliza upande nageuka. Bledi yangu ya inchi 18 ina meno 36, kila upande 18. Yote mara tatu, hata lile unaloona bado kali, ama sivyo mashine itakata kwa kupinda kama ng'ombe mwenye jicho moja.

Kisha kuna kile kinundu mbele ya kila jino. Watu hawakijui. Kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa kama milimita 0.65. Ukinoa mara nyingi jino linashuka lakini kinundu kimebaki juu, unajiuliza mbona nimenoa na haili. Kipunguze kwa tupa bapa, taratibu. Ukikizidisha mashine inakuwa na uchu, inaruka.

Dalili ni rahisi. Tazama kinachotoka. Vikitoka vipande kama nazi iliyokunwa, endelea. Ukitoka unga, simama unoe. Mimi nanoa kila nikijaza petroli, hata kama sioni haja.

Kuni za Barani:
Mzee wangu, shikamoo. Tupa sina.

Mzee wa Ganda:
Marahaba. Basi nunua tupa kwanza, mashine baadaye.

Kovu Pajani:
Jina langu mmeliona. Nilikuwa nakata matawi ya mwembe ulioanguka, mkono mmoja kwenye mashine, mkono mmoja navuta tawi. Ncha ya bledi, ile sehemu ya juu kabisa, ikagusa tawi jingine nisiloliona. Mashine ilipiga teke juu, ikarudi. Breki ya mbele niliifunga kwa waya iwe wazi, kwa kuwa ilikuwa ikinisumbua kujifunga. Paja likashonwa nyuzi kumi na nne. Kama ingekuja juu kidogo nisingekuwa naandika hapa.

Mikono miwili, breki ifanye kazi, ncha isiguse kitu. Na @Mnazi Mmoja, hiyo breki yako iliyolegea, peleka kwa fundi KESHO.

Mnazi Mmoja:
Nimekusikia kaka. Pole.

Mvinje Mkavu:
Kwa mvinje, kata ukiwa mbichi. Ukishakauka ni chuma, utakula cheni mara mbili. Na mvinje una sifa, huwaka hata mbichi, wapishi wanajua. Mkilifi ni laini kuliko mvinje, hata shoka linatosha.

Pia msisahau karatasi. Marufuku ya kukata miti ya 2018 iliondolewa 2023, lakini kusafirisha kuni bado utatakiwa kibali cha watu wa misitu, na njia ya Gede kuna Arabuko-Sokoke. Usipite huko na pawasoo nyuma ya pikipiki ukadhani utaeleweka.

Kijana wa Muyeye:
Na zile za betri je? Hazina petroli, hazina kelele.

Fundi Spana:
Nzuri kwa mtunza bustani wa hoteli anayepunguza mibogenvilia. Kwa canter ya mvinje utahitaji betri nne na jenereta shambani. Na jenereta yataka petroli.

Kuni za Barani:
Nimerudi, wiki mbili sasa. Nilichukua ya cc 50, bledi inchi 16, kwa mtu ambaye dukani ana cheni na plagi na kamba za kuwashia zimetundikwa ukutani. Duka la pili lilikuwa na bei chini kwa elfu tatu, nikauliza cheni ya akiba, wakaniambia niagize. Nikatoka. Tupa nilinunua kabla, mzee, nne kwa pamoja.

Mafuta ni ya jerikeni. Dada Piza amepokea mzigo mmoja, hajalalamika. Kunoa bado nakosea, upande wa kushoto nalaza tupa sana na gogo linakatika mshazari, lakini si sana. Vijana wananicheka kwa kusimama kila tangi.

Na leo asubuhi kanipigia yule bwana wa zamani. Yake imejam, ana kazi Msabaha, ataka nimwazime yangu siku moja. Nimemwambia mashine haitoki bila mimi. Nakuja nayo mwenyewe, hela ya siku, petroli juu yake, chai juu yake.