Jina refu lenye mahadhi kwa mtoto wa kike: tupeane uzoefu

Bint Pangani
Wakuu, salaam. Binti anakuja mwezi ujao inshallah. Asha, Salma na Rehema huku kwetu wamejaa, ukiita uani wanageuka wanne. Nataka jina refu, la kuvutika likiitwa. Mkononi nina Zuleikha na Mwanahamisi. Wenye ujuzi karibuni.

Karani wa Zamu
Silabi nne au tano zinatosha, ukizidisha hapo watu wanakata wenyewe. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo irabu ya kuvutika iwe hapo: Filomena, Mwanakombo, Wilhelmina. Majina ya -ia kama Leokadia na Anastazia mkazo unakaa kwenye "i", yanapanda juu mwishoni, matamu sana kuita kwa mbali. Kisha litamke na la baba na la babu kwa pumzi moja. Refu hupenda baba mfupi: Zuleikha Juma Bakari, sawa. Zuleikha Abdulrahmani Nasibu, huo ni msafara.

Mama Koku
Bukoba na Kilimanjaro tulishayamaliza haya zamani. Wakatoliki fungueni kalenda ya watakatifu: Apolonia Februari 9, Scholastica Februari 10, Perpetua Machi 7. Kwa Kihaya kuna Kokushubira, Kokugonza. Ila kabla ya yote jiulize kifupi chake unakipenda? Scholastica atakuwa Skola hata meno hajaota. Restituta ni Resti, Filomena ni Mena, Koku-chochote ni Koku. Kifupi kikikuudhi, refu lake liache.

Shombeshombe
Nakazia hapo kwenye kifupi.

Mzee wa Fomu
Mnaongelea utamu, makaratasi hamyagusi. Kuna binti ameandikwa Ummu Kulthum, maneno mawili. Baba Hamadi, babu Bakari. Kadi ya kliniki ikaandikwa "Umukulthumu". Tangazo la kizazi likaandikwa "Ummu Kulthum", na cheti cha kuzaliwa kikafuata tangazo. Darasa la kwanza mwalimu anataka majina matatu, akahesabu kutoka kushoto: Ummu, Kulthum, Hamadi. Mnaona? Kulthum amekuwa baba, Hamadi amekuwa babu, Bakari katolewa nje kabisa. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita vikatoka hivyo hivyo. Sasa anaomba mkopo wa chuo, mfumo unasoma cheti cha kuzaliwa chenye manne na cha shule chenye matatu, unasema huyu si yule. Kiapo kwa wakili, barua ya shule, nenda rudi, dirisha la maombi linafungwa huku yeye yuko kwenye benchi la ofisi.
Chanzo chote hicho ni NAFASI MOJA kati ya Ummu na Kulthum. Jina la vipande viwili liunganisheni: Ummukulthum, Khairunisa, Mwanaisha. Msiweke nafasi, kistari wala alama ya juu.

Shombeshombe
Yallah! Mkopo alipata?

Dogo wa Mbezi
Mzee usituache hewani, alipata?

Mzee wa Fomu
Mwaka uliofuata.

Dogo wa Mbezi
Ndiyo maana mimi nasema silabi mbili tu. Na hayo ya Mwana-Mwana ni ya bibi zetu, mtoto atachekwa shule.

Nahodha
Kijana, "Mwana" Pwani ilikuwa heshima ya mwanamke muungwana. Mombasa wanamtaja malkia Mwana Mkisi, Pate ikatoa mshairi Mwana Kupona. Anayecheka ndiye arudishwe shule.

Dogo wa Mbezi
Heshima sawa, shkamoo, lakini mwaka huu nani anaita hivyo?

Mama Koku
Tanga nzima. Tuendelee na mada jamani.

Mpita Njia Kigali
Huku balaa la Mzee wa Fomu ni adimu. Mtoto si lazima arithi jina la baba, anapewa lake la Kinyarwanda: Uwamahoro, Mukamana, Mukandayisenga. Kimila huitwa siku ya nane. Urefu haumtishi mtu.

Karani wa Zamu
Urefu wenyewe una mpaka. Mstari wa pasipoti unaosomwa na mashine una nafasi 44, tano ni za aina ya hati na nchi, zinabaki 39 kwa majina yote na vitenganishi vyake. Kadi ya benki ni 26 tu. Hesabu herufi kabla hujapenda.

Ustadhi wa Mtaani
Akika, ile dhabihu ya mtoto mchanga, ni siku ya saba, mbuzi mmoja kwa binti. Wengi hubishania jina mpaka asubuhi ya siku hiyo, na hospitalini tangazo limeshaandikwa tofauti. Andikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, baba akae nayo mfukoni, amsimamie mwandishi neno kwa neno. Zuleikha lina KH, asipoangaliwa litatoka Zulekha, Zuleka, hata Zureha. Na cheti kifuatilieni ndani ya siku 90, baada ya hapo mnaingia kwenye usajili uliochelewa.

Shombeshombe
Mimi ningesubiri nimwone sura kwanza.

Mzee wa Fomu
Sura haiandikwi kwenye fomu.

Karani wa Zamu
Mleta mada, jina la baba hujataja. Bila hilo tunapiga ramli.

Bint Pangani
Athumani.

Karani wa Zamu
Basi Zuleikha limeanguka. A mbili zinagongana, ukiita haraka ni "Zuleikhathumani", na asiyelijua atasikia jina moja. Mwanahamisi Athumani linapita, ile i inatenganisha.

Nahodha
Na azaliwe Alhamisi basi.

Bint Pangani
Daktari kasema Jumanne.

Mama Koku
Bibi yake yupo anayeitwa hivyo? Kama yupo, siku haina kazi, amerithi.

Bint Pangani
Yupo, mama yake Athumani.

Dogo wa Mbezi
Kumbe mkwe! Uzi ufungwe.