Wakuu naomba ushauri: nimeipata MGB ya zamani Moshi, nichukue au niache?

Kibosho Juu (mtoa mada): Habari zenu wakuu. Kuna MGB, zile gari ndogo za Kiingereza, ya wazi, viti viwili, imelala bandani huku Moshi miaka mingi. Injini cc 1798, kabureta mbili za SU, usukani na mita zote ni zake. Kutu imekula chini ya milango. Muuzaji anataka milioni 14. Anasema mzungu wa shamba la kahawa alimwachia baba yake mwaka 1973 mashamba yalipotaifishwa, na haijawahi kutoka kwenye familia. Gari hii naitamani tangu utoto, usingizi siupati. Spea zinapatikana?

Gereji Bubu: Spea ondoa shaka mkuu. Zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, zaidi ya laki tano, na huko hadi leo wanatoa bodi nzima mpya. Ogopa hiyo kutu. Gari isiyo na paa inajibeba kwa vile vyuma vya chini ya milango. Ukifungua mlango ukagoma kurudi sawasawa, ujue bodi imeanza kukunjika katikati.

Shangazi Kaja: Milioni 14 kwa gari ya watu wawili! Watoto utawapakia wapi? Nunua kiwanja, mwanangu.

Korogwe Stesheni: Umenikumbusha marehemu baba na Ford Anglia yake. Asubuhi tulikuwa tunaisukuma sisi watoto, ikiwaka yeye anaondoka, sisi tunakwenda shule kwa miguu. Chukua mkuu, raha ya gari ya zamani huwezi kuieleza.

Wakili wa Mtaani: Kadi ina jina la nani? Na huyo baba yuko hai?

Kibosho Juu: Kadi ipo, ya zamani, namba hazijabadilishwa kuwa hizi za T.

Wakili wa Mtaani: Nimeuliza jina.

Kibosho Juu: Sawa. Jina ni la mzee, na mzee alishafariki. Mirathi haijafunguliwa. Ila muuzaji ndiye aliyemuuguza, na mzee alitamka mbele ya watu kwamba gari ni yake. Wamezaliwa sita, wengine hata nyumbani hawaji. Halafu nilishatoa milioni 4, maana kulikuwa na mteja mwingine kutoka Arusha. Msinishambulie, tumeandikishana mbele ya balozi wa nyumba kumi.

Wakili wa Mtaani: Balozi hagawi mirathi. Hiyo gari ni mali ya marehemu mpaka mahakama iteue msimamizi, na msimamizi ndiye mwenye mamlaka ya kukuuzia. Ukienda TRA kubadili umiliki na saini ya mtu ambaye hayumo kwenye kadi, utarudi ulivyokwenda.

Kibosho Juu: Lakini nikisubiri mirathi, kutu itaimaliza. Nani ataitunza?

Mdadisi: Mtoa mada, bampa zake ni za chuma cha kung'aa au nyeusi za mpira?

Kibosho Juu: Nyeusi, nene, ya mbele imekuwa kama sehemu ya sura ya gari.

Mdadisi: Chai hii! Bampa za mpira zilianza mwishoni mwa 1974, kwa ajili ya sheria za usalama za Marekani. Mzungu aliyeondoka 1973 aliachaje gari ambayo haijatengenezwa?

Shangazi Kaja: Nilijua tu. Modi funga uzi.

Kibosho Juu: Si chai. Milioni 4 ni jasho langu, nitungie hadithi ili iweje?

Gereji Bubu: Tusimhukumu, bampa hubadilishwa. Mkuu, chungulia sakafuni nyuma ya viti. Zile za bampa za chuma zina betri mbili za volti 6, za mpira zina moja ya volti 12. Kisha nakili namba ya chesi kwenye kibati ndani ya boneti. British Motor Museum kule Gaydon wanatoa cheti kutoka kumbukumbu za kiwanda: tarehe ya kutengenezwa, rangi, namba ya injini, hata nchi ilikopelekwa. Linganisha na kadi.

Kibosho Juu: Nimetoka bandani sasa hivi. Betri moja, volti 12, na upande wa pili hakuna hata chuma cha kubebea nyingine. Balozi amenipa namba ya dada yao aliyeko Tanga. Hakuwa na habari kwamba gari inauzwa. Anasema mzungu hakuwepo: mzee aliinunua Nairobi 1976 kwa pesa yake ya kahawa, mwaka mmoja kabla mpaka wa Kenya na Tanzania haujafungwa. Hati ya mauziano anayo yeye. Wakuu, bado naitaka.

Wakili wa Mtaani: Basi huyo kijana usimpe shilingi nyingine. Muombe dada akupigie picha hati, namba ya chesi ionekane, na umuulize kama familia iko tayari kukaa kikao kumpendekeza msimamizi. Ile karatasi ya balozi itunze, ndiyo ushahidi wa milioni 4 zako.